Je, Kugawa Sawasawa Ndiyo Haki?

Mwalimu aingia darasani na karatasi za mtihani wa hesabu. Maswali ni 10, na muda uliowekwa ni dakika 40. Kengele inapolia, karatasi zakusanywa zote ila moja. Mwanafunzi mmoja, ambaye macho yake ni dhaifu na ambaye karatasi yake imeandikwa kwa herufi kubwa, aachwa aendelee kwa muda zaidi. Nje ya darasa wenzake wananong'ona: "Mwalimu ana upendeleo. Sote tu wanafunzi wa darasa moja. Kwa nini mmoja apewe walichonyimwa wengine?"

Swali hili si la kipuuzi, wala wanaoliuliza si watu wabaya. Tangu utotoni tumefundishwa kwamba mgawaji mwema ni yule asiyempunja mmoja wala kumzidishia mwingine. Ndugu wawili wakigawiwa ndizi, kila mmoja huitazama ya mwenzake kwanza. Basi yafaa tulipime swali hili vizuri kabla ya kulijibu, maana jibu lake huamua nani atasoma, na nani atabaki nje ya mlango wa elimu hali amekaa ndani ya darasa.

Ili tusilipime hewani, tulishushe mahali panapojulikana. Chukua ramani ya Kenya, msomaji, uufuate mto Tana, mto mrefu kuliko yote nchini humo, tangu unapoteremka kutoka nyanda za juu mpaka unapokaribia Bahari ya Hindi. Kabla hujafika mji wa Garsen utapita katika nchi ya Ndera. Ndera ni jina la mahali, na pia ni jina la kundi moja miongoni mwa makundi ya Wapokomo, wakulima wa kando ya mto. Mto ukifurika kisha ukapwa, huacha udongo wenye rutuba, na hapo watu hupanda mpunga, mahindi, migomba na miembe. Ukiupa mto kisogo ukaelekea nyikani, waingia katika malisho ya Waorma na Wawardei, wafugaji ambao kiangazi huwalazimisha kuhama na ng'ombe wao kufuata maji na majani. Kipokomo ni lugha ya Kibantu, jamaa ya Kiswahili. Kiorma ni jamaa ya Kioromo kinachosemwa Ethiopia. Mkulima na mfugaji wakutana mtoni, lakini kila mmoja amemwimbia mtoto wake kwa lugha nyingine.

Fikiri sasa darasa linaloweza kupatikana katika nchi kama hiyo. Katika dawati la kwanza ameketi mtoto wa mkulima, aliyekizoea Kiswahili kwa sababu kinafanana na lugha ya mama yake. Kando yake yuko mtoto wa mfugaji, aliyerudi juzi baada ya kuwa malishoni kwa wiki nyingi. Wenzake wamekwisha pita sura mbili za kitabu. Nyuma yuko msichana ambaye mafuriko yaliihamisha jamaa yake, kama yalivyozihamisha jamaa nyingi za bonde la Tana mwaka 2018, na tena mvua za El Niño zilipopiga mwishoni mwa mwaka 2023. Madaftari yake yalikwenda na maji. Karibu na dirisha yuko asiyeona vizuri ubaoni. Kwenye pembe yuko mwenye sikio zito, ambaye huitikia kwa kichwa kila aulizwapo, ili asionekane kwamba hakusikia. Wote wana kitabu kile kile, mwalimu yule yule na saa zile zile. Je, twaweza kusema kwamba wote wamepewa sawa?

Neno "sawa" limebeba maana mbili, na ugomvi mwingi huzaliwa pale maana moja inapovaa nguo ya nyingine. Iko sawa ya kipimo: kila mtu kibaba kimoja, kila mtu dakika 40. Iko pia sawa ya kufika: kila mtu aweze kufika pale ambapo kazi ilikusudiwa kumfikisha. Mkulima wa Tana aijua tofauti hii hata kama hajapata kuiandika. Mpunga huupanda bondeni, maji yanapotuama. Mwembe huupanda juu kidogo, ili mizizi yake isiozeshwe na maji. Mkulima huyo hasemi kwamba mpunga ni mroho kwa sababu wanywa zaidi, wala kwamba mwembe ni mjinga kwa sababu wakawia kuzaa. Kama angeshika sawa ya kipimo peke yake, angemwaga ndoo moja hapa na ndoo moja pale, akavuna njaa pande zote mbili.

Walakini sawa ya kipimo ina mahali pake, na mwalimu akiisahau huharibu. Jibu moja lililo sahihi lastahili alama zile zile, liwe limetolewa na mtoto wa tajiri au wa maskini, wa mkulima au wa mfugaji. Kosa moja lisiadhibiwe kwa fimbo ya maneno kwa huyu na kwa tabasamu kwa yule. Basi hekima ni kujua wakati wa kutumia kila moja. Kila kipimo sharti kiulizwe: wewe wataka kujua nini? Mtihani wa hesabu wataka kujua kama mwanafunzi anaweza kukokotoa. Hautaki kujua jinsi macho yake yanavyokwenda mbio juu ya karatasi. Mwanafunzi mwenye macho dhaifu akiongezewa muda, hakuongezewa hesabu hata moja. Ameondolewa kizuizi ambacho mtihani haukukusudia kukipima. Ndiyo maana Baraza la Mitihani la Kenya huwaandalia watahiniwa wasioona karatasi za nukta nundu, yaani breli, na wenye uoni hafifu karatasi za maandishi makubwa, na kuwapa muda wa ziada. Huo si upendeleo. Upendeleo ungekuwa kumpa alama za jibu asilolitoa.

Hapa yafaa tukumbuke habari ya kijana mmoja wa Ufaransa. Louis Braille alizaliwa mwaka 1809. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi, na mtoto alipokuwa na umri wa miaka 3 alijijeruhi jicho kwa chombo chenye ncha katika karakana hiyo; ugonjwa ukaenea, akapofuka macho yote mawili. Alipelekwa Paris katika shule ya vijana wasioona. Huko vilikuwako vitabu, lakini vilipigwa chapa kwa herufi za kawaida zilizoinuliwa juu ya karatasi. Vitabu vyenyewe vilikuwa vikubwa na vizito, na kidole kilizisoma herufi hizo kwa taabu, kwa kuwa zilibuniwa kwa ajili ya jicho. Wakati huo afisa wa jeshi, Charles Barbier, alikuwa amebuni maandishi ya nukta 12. Braille aliyachukua, akayapunguza yakawa nukta 6 zinazoenea chini ya ncha ya kidole kimoja, na katika mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 15, kazi hiyo ilikuwa imekwisha simama. Kwa nukta hizo 6 hupatikana alama 63, ambazo zatosha kuandika herufi, tarakimu na hata muziki. Alifariki mwaka 1852, kabla shule yake haijayakubali maandishi hayo rasmi.

Habari hii yafundisha kwamba wanafunzi wale wa Paris hawakuwa wazito wa akili. Kitabu ndicho kilichokuwa kizito. Kabla ya Braille, aliyeshindwa kusoma alihesabiwa kuwa ameshindwa yeye. Baada ya Braille ilidhihirika kwamba aliyeshindwa alikuwa mtengenezaji wa kitabu. Ni mara ngapi leo twamlaumu mwanafunzi kwa kosa la chombo?

Turudi Ndera, kwa yule mtoto wa mfugaji anayekaa kimya. Kimya kina wazazi wengi. Huenda mtoto hajui jibu. Huenda alijua, lakini hana neno la Kiswahili la kulivika jibu lake. Huenda alilisema jana, darasa likacheka matamshi yake. Mwalimu anayeandika "mvivu" au "mzito" katika ripoti kabla ya kujua ni mzazi yupi aliyezaa kimya hicho, amehukumu bila ushahidi. Tume ya elimu iliyoongozwa na Gachathi mwaka 1976 ilipendekeza kwamba katika miaka mitatu ya mwanzo wa shule ya msingi watoto wafundishwe kwa lugha ya mahali pao. Shauri hilo ni jema. Lakini mahali ambapo ukingo wa mto una lugha moja na nyika ina nyingine, mwalimu huuliza: lugha ya mahali hapa ni ipi? Aghalabu Kiswahili ndicho huwaunganisha. Hata hivyo mwalimu mwenye busara hupata msaada asiouagiza kwa pesa: mwanafunzi mmoja anayezijua lugha zote mbili. Huyo akiketi kati ya wenzake wawili, darasa limepata daraja.

Wala asidhani mtu kwamba lugha ya watu wachache haina la kulifunza taifa. Lahani ya wimbo wa taifa wa Kenya, unaoimbwa tangu uhuru mwaka 1963, ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Kila mwanafunzi wa Kenya, awe Kisumu au Turkana, asimamapo mbele ya bendera huimba kwa sauti iliyotoka ukingoni mwa Tana. Kama waliotafuta wimbo huo wangesema, "Tusikilize makabila makubwa tu," nchi nzima ingalikosa.

Sheria nazo hazikunyamaza. Mwezi Juni 1994, wajumbe wa serikali nyingi walikutana Salamanca, Hispania, wakatangaza kwamba shule za kawaida ziwapokee watoto wote, licha ya tofauti za miili yao, akili zao au lugha zao. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Na katika kifungu cha 54 yampa mwenye ulemavu haki ya kuingia katika shule zilizounganishwa na jamii, na ya kutumia lugha ya ishara na breli. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iliunda baraza la kushughulikia elimu ya wahamaji. Mwaka 2018 Wizara ya Elimu ilitoa sera juu ya wanafunzi wenye ulemavu. Na kabla ya hayo yote, mwaka 1986, ilianzishwa Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, iitwayo KISE, ili kuwafunza walimu kazi hii. Haya yote ni mema. Lakini sheria haimjui mtoto kwa jina. Sheria hufungua mlango wa shule. Anayemshika mtoto mkono na kumwingiza ni mwalimu.

Hapo ndipo lisimamapo pingamizi kubwa, nasi tusilikwepe. Mtu atasema: "Mwalimu ni mmoja, wanafunzi ni 60. Akitumia robo ya saa kwa mmoja, amewaibia 59. Je, hiyo ni haki?" Pingamizi hili lina uzito, na anayelidharau hajapata kusimama mbele ya darasa lililojaa. Lakini litazame kwa makini, nalo litapungua. Mambo mengi afanyayo mwalimu kwa ajili ya mmoja huwafaa wote. Akiandika ubaoni kwa herufi kubwa na kuyasoma kwa sauti aliyoyaandika, amemsaidia asiyeona vizuri, na pia yule wa nyuma aliyekuwa akibahatisha. Akisema huku ameuelekeza uso wake kwa wanafunzi, mwenye sikio zito husoma midomo yake, na wengine husikia vizuri zaidi. Akifundisha sehemu za mmea kwa mbegu ya mwembe iliyopasuliwa, au kuhesabu kwa kokwa na vijiti, au umbo la mto kwa udongo wa mfinyanzi, kidole cha asiyeona hujifunza, ulimi wa asiyejua Kiswahili hupata kitu cha kukitaja, na mwenye macho mazuri hukumbuka muda mrefu zaidi. Akiweka muhtasari mfupi wa kila sura ukutani, aliyetoka malishoni na aliyetoka mafurikoni wataufuata, na aliyekuwapo kila siku ataurudia kabla ya mtihani.

Hata hivyo yako mambo ambayo ustadi wa mwalimu hauyatoshi, na ni udanganyifu kusema kwamba yatosha. Mashine ya kuandikia breli haifinyangwi kwa udongo. Chombo cha kusaidia masikio hakiokotwi mtoni. Mtoto asiyeona vizuri apaswa kupimwa macho na mtu aliyesomea kazi hiyo, naye mwalimu apaswa kufunzwa, wala si kuachwa abuni peke yake usiku kwa taa yake mwenyewe. Vitu hivi ni deni la serikali na la jamii. Twamsifu mwalimu anayefundisha vizuri bila vyombo. Lakini sifa hiyo isigeuke kuwa kisingizio cha kumnyima vyombo mwaka hata mwaka.

Tena tusidhani kwamba kumweka mtoto ndani ya chumba kimoja na wenzake ndiko kumshirikisha. Mtoto asiyesikia kabisa, akiwekwa katika darasa ambamo hakuna hata mmoja anayejua lugha ya ishara, yu peke yake katikati ya watu 60. Kwake huenda shule ya wenzake wanaozungumza kwa mikono ikawa njia ya kuufikia ulimwengu, kama shule ya wasioona ya Thika, iliyoanzishwa mwaka 1946, ilivyokuwa njia kwa wengi. Katiba yenyewe yasema kwamba kuunganishwa huko kuwe kadiri inavyolingana na maslahi ya mtu mwenyewe. Basi tusiabudu neno "pamoja". Tuulize daima: akiwa hapa, je, anajifunza? Akiwa kule, je, anajifunza zaidi? Na yeye mwenyewe, ameulizwa?

Kuna kosa jingine ambalo huvaa uso wa wema, nalo ni huruma isiyo na heshima. Mwalimu amwambia mwenye ulemavu, "Wewe pumzika, swali hili ni gumu." Wenzake wamfanyia kazi yake yote, wakadhani wamempenda. Huyo hakusaidiwa, amenyang'anywa kazi yake, na pamoja nayo furaha ya kuimaliza. Haki humwambia: "Swali ni hili hili, nawe utalijibu, niambie wahitaji nini ili uweze kulifikia." Huruma ya namna ile humshusha mtu, haki humtaka apande, kisha ikamletea ngazi.

Huenda utasema, msomaji, kwamba haya ni mambo ya walimu na mawaziri, na wewe ni mwanafunzi tu. La. Miongoni mwa vyombo vyote tulivyovitaja, kilicho karibu zaidi na mwenzako ni wewe. Ni wewe unayeweza kumsomea ubao kwa sauti ya chini, kumpa daftari lako anakili yaliyompita, kumtazama usoni unaposema naye, na kunyamaza matamshi yake yanapowachekesha wengine. Hakuna wizara iwezayo kukununulia mambo hayo wala kukulazimisha kuyatenda. Kicheko kimoja darasani chaweza kubomoa kazi ya mwalimu ya muhula mzima. Na usijione umesimama salama upande wa wasaidizi, kwani wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Macho yako mazuri ni ya leo.

Tena, kwa watu wa bonde la Tana, jambo hili lina uzito unaopita alama za mtihani. Katika mapigano ya mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013, watu zaidi ya 100 waliuawa katika nchi ya Tana ya chini, wakulima kwa wafugaji, wake kwa waume, na watoto pia. Ardhi, maji na malisho vilikuwa kiini cha ugomvi huo, na darasa peke yake haliwezi kuumaliza. Lakini mtu aliyemtafsiria mwenzake somo, na akatafsiriwa yeye, amemjua mwenzake kwa jina na kwa akili yake. Kumchukia mtu huyo si jambo jepesi kama kumchukia asiyemjua. Darasa linalomsahau mtoto wa upande mmoja hufundisha somo jingine, ambalo halimo katika kitabu chochote, nalo hukumbukwa kwa muda mrefu.

Basi tumjibu yule aliyenong'ona nje ya darasa. Mwalimu hakukunyima kitu ulichokihitaji. Ulipewa muda uliokutosha, naye mwenzako akapewa uliomtosha. Kama siku moja utavunjika mkono wa kuume wiki ya mtihani, utataka mwalimu yule yule akutazame vivyo hivyo, nawe hutaliita tendo hilo upendeleo. Kugawa sawasawa ni haki pale ambapo wapewao wana haja sawa. Pale ambapo haja zimetofautiana, mgawaji mwenye haki hana budi kuinua macho yake kutoka kwenye kibaba, amtazame mtu.